Alama ya Asemaye Sijui

Kila mwalimu asahihishaye mtihani ana desturi moja ambayo hujiulizi sana juu yake: jibu la kweli hulipa alama, jibu la makosa hulipa sifuri, na nafasi iliyoachwa tupu huipa sifuri vilevile. Desturi hii ni ya zamani, tena ni nyepesi. Kalamu nyekundu hupita upesi juu ya karatasi, na mwishoni hesabu hujumlishwa. Mimi mwenyewe nimeifuata kwa zaidi ya miaka kumi bila ya kufikiri kama ni ya haki au si ya haki. Walionifanya nifikiri hawakuwa walimu wenzangu, wala hawakuwa wanafunzi wangu. Zilikuwa ni mashine zijibuzo maswali, pamoja na watu ambao kazi yao ni kuzisahihisha mashine hizo.

Kuiuliza mashine swali kwa lugha ya watu si jambo geni kama vijana wengi wadhanivyo. Mwaka 1961, huko Marekani, ilikuwako programu ya kompyuta iliyoitwa BASEBALL, nayo ilijibu maswali juu ya michezo ya besiboli ya msimu mmoja. Mwaka 1971 programu nyingine iliyoitwa LUNAR, kazi ya William Woods na wenzake, iliwekwa mbele ya wataalamu wa mawe, nao wakaiuliza juu ya mawe ya mwezini yaliyoletwa na safari ya Apollo 11. Mashine hizo zilikuwa na uwanja mdogo. Ukiiuliza LUNAR habari za bei ya mahindi haikuwa na la kusema, na kila mtu aliona kuwa haina la kusema. Mashine za siku hizi hazina mpaka wa namna hiyo. Huulizwa juu ya sheria, dawa, nyota na mashairi, nazo hujibu yote kwa sauti moja tulivu, kama mtu aliyekuwako mambo yalipotendeka.

Basi, kwa kuwa mashine zimekuwa nyingi, na kila mwenye yake huisifu, ilipasa zitungiwe mtihani. Mwaka 1999 taasisi ya serikali ya Marekani ishughulikayo na viwango vya vipimo, iitwayo NIST, ilianzisha mashindano ya mashine zijibuzo maswali ndani ya mkutano wake wa kila mwaka ujulikanao kwa jina la TREC. Maswali yalikuwa 200. Kwa kila swali mashine iliruhusiwa kuleta majibu matano kwa taratibu, lililo bora likitangulia. Jibu la kweli likiwa la kwanza, mashine ilipata alama nzima. Likiwa la pili, nusu. La tatu, theluthi. La nne, robo. La tano, sehemu moja ya tano. Lisipokuwamo, sifuri.

Itazame kanuni hiyo kwa makini, msomaji wangu. Mashine isiyojua kitu ingepoteza nini kwa kuandika majibu matano yaliyookotwa popote? Haingepoteza kitu. Ingefaidi nini kwa kunyamaza? Haingefaidi kitu pia. Mashine yenye haya, kama ingaliwezekana kuwapo mashine yenye haya, ingaliachwa nyuma na mashine isiyo na haya. Waandalizi wenyewe waliliona jambo hili, maana hawakukawia kuibadili kanuni yao. Mwaka 2002 walitoa maswali 500, wakataka jibu moja tu kwa kila swali, tena wakaiagiza kila mashine iyapange majibu yake yote kuanzia lile iliyo na hakika nalo zaidi hadi lile iliyo na shaka nalo zaidi. Aliyekosea pale aliposema ana hakika aliumia kuliko aliyekosea pale alipokwisha kiri shaka.

Nawapenda wasahihishaji wa mashindano yale kwa jambo jingine. Walikuwa watu, si mashine, nao walijua kuwa jibu la kweli lina sura nyingi. Walipouliza Taj Mahal iko wapi, walikusudia kaburi lile maarufu la Agra katika nchi ya India, wala hawakukusudia jumba la kamari lililobandikwa jina hilo huko Atlantic City, ijapokuwa magazeti yaliyokuwa ndani ya mashine yalitaja yote mawili. Kisha walitenga fungu la majibu yaliyo kweli lakini yasiyo na ushahidi: mashine imetaja jina lililo sawa, bali hati iliyoitaja kuwa ndiyo shahidi wake haisemi neno hilo hata kidogo. Jibu la namna hiyo halikuhesabiwa pamoja na majibu ya kweli. Kila mwalimu wa hesabu analijua jibu hili. Ni lile lililo sahihi chini ya ukurasa, na juu yake hakuna njia iliyolifikisha pale, isipokuwa njia ya jicho kuelekea dawati la jirani.

Kazi ya kusoma majibu kwa macho ya watu ni ya polepole na ya gharama, kwa hiyo haukupita muda mrefu kabla ya mashine kupewa kalamu nyekundu pia. Mwaka 2016 wataalamu wa chuo kikuu cha Stanford walitoa mtihani uitwao SQuAD, wenye maswali zaidi ya 100,000 yaliyotungwa juu ya makala za Wikipedia. Usahihishaji wake ni wa kulinganisha maneno. Njia ya kwanza hutaka jibu la mashine lilingane neno kwa neno na jibu la mwalimu. Njia ya pili, iliyo na huruma kidogo, huhesabu maneno mangapi ya mashine yamo katika jibu la mwalimu, na mangapi ya mwalimu yamo katika la mashine, kisha huyaunganisha makadirio hayo mawili kuwa alama moja. Kiswahili nacho kimetungiwa mtihani wa aina hii: wataalamu wa hapa Kenya walikusanya maswali 7,526 pamoja na majibu yake kutoka katika matini 1,445, wakaupa mkusanyo huo jina la KenSwQuAD.

Sasa tuijaribu njia hiyo ya pili kwa swali ambalo hata mtoto wa darasa la nne atalijibu. Ni nani aliyekuwa rais wa kwanza wa Kenya? Jibu la mwalimu ni "Jomo Kenyatta". Mashine moja yajibu, "Mzee Kenyatta". Nyingine yajibu, "Uhuru Kenyatta". Kila moja imeleta maneno mawili, na katika maneno hayo moja limo katika jibu la mwalimu na moja halimo. Kila moja yapata nusu. Ile ya kwanza ilijua kabisa. Ile ya pili imemweka mwana mahali pa baba, ikakosea kwa nusu karne. Nazo zimesimama bega kwa bega katika orodha ya matokeo. Na kama ikitokea ya tatu ikajibu, "Babake Uhuru", hiyo yapata sifuri tupu, ingawa haikusema uongo.

Mtu atasema kuwa haya ni makosa madogo, na kwamba katika maswali 100,000 madogo huzama. Nakubali kuwa huzama. Lakini kosa nililolitaja mwanzo halizami, maana haliko katika swali hili au lile. Liko katika kanuni yenyewe. Mtihani wa SQuAD wa mwaka 2016 ulikuwa na jibu kwa kila swali, na jibu lilikuwa daima ndani ya habari iliyosomwa. Mashine ikajifunza kuwa jibu halikosekani. Mwaka 2018 watungaji waliongeza maswali zaidi ya 50,000 yasiyo na jibu, yaliyofanana kwa sura na yale yenye jibu. Mashine moja hodari iliyokuwa ikipata 86 kwa mia katika mtihani wa kwanza ilishuka ikapata 66. Haikusahau ilichokijua. Ilishindwa kutambua ni wapi kunyamaza nako ni jibu.

Vijana wa Kenya wanaijua kanuni hii kwa ngozi zao. Mtihani wa KCPE, uliofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 1985 na kwa mara ya mwisho mwaka 2023, ulikuwa na karatasi za maswali ya kuchagua jibu moja katika manne. Katika karatasi ya maswali 50, mtu aliyefumba macho akatia alama ovyo angetazamia kupata kama 12 au 13. Kwa hiyo sisi walimu tuliwaambia watoto, kabla hawajaingia chumbani, wasiache hata swali moja. Shauri hilo lilikuwa jema kwa mtoto. Lakini tukumbuke tulimwambia nini: kwamba mahali asipojua, afanye kama ajuaye. Wamarekani katika mtihani wao wa SAT walikuwa na desturi nyingine: kwa maswali yenye majibu matano, kosa lilimpunguzia mtu robo ya alama, hata aliyebahatisha yote akarudi pale pale kwenye sifuri. Desturi hiyo waliiacha mwaka 2016.

Mchezo wa televisheni uliwahi kuwa na haki zaidi kuliko mitihani. Mwezi wa Februari mwaka 2011 mashine ya kampuni ya IBM, iitwayo Watson, ilishindana na watu wawili mabingwa, Ken Jennings na Brad Rutter, katika mchezo wa maswali uitwao Jeopardy. Katika mchezo huo ajibuye kwa makosa hukatwa fedha, na anyamazaye hakatwi. Kwa hiyo watengenezaji wa Watson waliipa kipimo cha hakika: kwa kila swali ilikadiria ina hakika kiasi gani, na hakika hiyo ikiwa ndogo haikubonyeza kitufe. Ilishinda, lakini jambo nilipendalo katika habari hiyo ni kosa lake. Katika swali la mwisho la mchezo wa kwanza hakuna aruhusiwaye kunyamaza. Uliulizwa mji wa Marekani ambao uwanja wake mkubwa wa ndege una jina la shujaa wa Vita Kuu ya Pili, na wa pili wake una jina la pigano la vita hiyo. Jibu ni Chicago. Watson ikaandika Toronto, mji ulioko Kanada, na watu wakacheka. Waliocheka hawakuangalia mambo mawili: mashine ilitia alama za kuuliza tano baada ya jina hilo, na kati ya dola 36,681 ilizokuwa nazo iliweka rehani dola 947 tu. Ilikosea, lakini ilikuwa imesema mapema kwamba huenda inakosea.

Hapa napaswa kueleza jambo langu mwenyewe, maana bila ya hilo nisingaliandika insha hii. Kazi yangu ni kuwafundisha walimu, na kila mwaka huzunguka katika shule kuwatazama wanachuo wakifanya mazoezi ya kufundisha. Mwaka mmoja nilimtazama kijana akifundisha juu ya bahari. Mtoto mmoja akainua mkono akauliza: ikiwa mwezi ndio uvutao maji, na mwezi hupita juu yetu mara moja kwa siku, mbona maji ya Mombasa hujaa mara mbili? Swali lilikuwa zuri kupita somo lenyewe. Yule kijana akasimama kidogo, kisha akasema, "Sijui. Najua kuwa mwezi huyavuta maji, lakini kwa nini mara mbili sijui. Nitatafuta, nikuletee jibu keshokutwa." Fomu niliyokuwa nayo ilikuwa na fungu la umilisi wa somo, alama kumi. Nikampa nne.

Wiki ile ile, katika shule nyingine, mtoto aliuliza mbona juu ya Mlima Kenya kuna barafu, ilhali kilele kiko karibu zaidi na jua kuliko sisi tulioko chini. Mwanachuo wa pili hakusita hata kwa pumzi moja. Alisema kwa sauti ya kupendeza kwamba ile barafu ndiyo ipozayo hewa ya mlimani. Darasa likatikisa kichwa. Mimi, ambaye somo langu ni lugha, nikatikisa pia, nikampa nane. Miezi kadhaa baadaye, nikisoma kitabu cha jiografia kwa sababu nyingine kabisa, nilikuta kwamba hewa hupata joto lake zaidi kutoka ardhini, na kwamba kadiri ipandavyo hutanuka na kupoa. Kwa hiyo baridi ndiyo iwekayo barafu, wala si barafu iletayo baridi. Nikakumbuka sauti ile ya kupendeza na watoto arubaini na zaidi walioandika maneno yake. Nikamkumbuka na yule wa kwanza. Matokeo yalikuwa yamekwisha kupelekwa.

Mwezi wa Septemba mwaka 2025 wataalamu wanne, watatu wa kampuni ya OpenAI na mmoja wa chuo kikuu cha Georgia Tech, waliandika hoja ambayo, nilipoisoma, niliona kama imeandikwa juu ya fomu yangu. Walikuwa wakitafuta sababu ya mashine za lugha kutoa habari za uongo kwa uhakika mkubwa. Walisema kwamba sehemu kubwa ya sababu ni usahihishaji. Mitihani karibu yote ipimayo mashine huipa sifuri isemayo sijui, sawasawa na ile idanganyayo. Iulize mashine siku ya kuzaliwa ya mtu isiyemjua: ikikiri kuwa haijui, sifuri yake ni ya hakika, ikitaja tarehe yoyote, ina bahati moja katika 365. Katika maelfu ya maswali, ibahatishayo hushinda. Na kwa kuwa watengenezaji huziboresha mashine zao kwa kutazama alama, tabia ipatayo alama ndiyo ibakiyo. Mashine haina kusudi la kudanganya. Imelelewa tu, na mleaji ni mwenye kalamu nyekundu.

Wataalamu hao walipendekeza kanuni itangazwe ndani ya swali lenyewe. Mathalan, mashine iambiwe ijibu ikiwa tu hakika yake yapita tisini kwa mia, kwa kuwa jibu la kweli lina alama moja, kusema sijui ni sifuri, na kosa ni kupunguziwa alama tisa. Mwenye kupata tisa katika kumi na kukosa moja hubaki na sifuri. Aliye chini ya hapo ni heri anyamaze. Kuna mtihani wa mwaka 2024, uitwao SimpleQA, wenye maswali mafupi 4,326, ambao huyaweka majibu katika mafungu matatu: yaliyo kweli, yaliyo makosa, na ambayo hayakujaribiwa. Fungu la tatu halina sifa kubwa, lakini walau lina mahali pake pa kukaa.

Huenda ikaulizwa kama mimi nataka wanafunzi wasithubutu. Sitaki hivyo. Lugha yetu ina maneno mawili ambayo hatupaswi kuyachanganya, kukisia na kubahatisha. Baharia ayatazamaye mawingu akasema mvua itakuja kabla ya alasiri amekisia: ana sababu zake, nawe waweza kumwuliza akazitaja. Atupaye shilingi hewani amebahatisha. Elimu nyingi tuliyo nayo ilianza kwa watu waliokisia, na anayeogopa kukisia hatajifunza kitu. Ubaya hauko katika kukisia. Uko katika kukitoa kisio kikiwa kimevikwa nguo za ujuzi, hata asikiaye asiweze kujua avitegemee vipi viwili hivyo. Mgonjwa anayeambiwa na daktari, "Nadhani ni malaria, lakini tupime," amepewa kisio na heshima pamoja. Yule aambiwaye "Ni malaria" na daktari huyo huyo, mwenye shaka ile ile moyoni, ameibiwa kitu, hata kama kipimo kikija kuonyesha kwamba ilikuwa malaria kweli.

Basi muhula uliopita niliamua kuijaribu kanuni ya adhabu katika chumba changu mwenyewe. Niliwapa wanachuo maswali 30, kila swali na majibu manne, nikawaambia wazi kwamba kosa litapunguza theluthi ya alama na nafasi tupu haitapunguza kitu. Kijana mmoja mchangamfu alijibu yote, akapata 18 na kukosa 12. Nikatoa nne, akabaki na 14. Binti mmoja mtulivu alijibu 14 tu, yote yakawa kweli, akaacha 16 tupu. Naye akapata 14. Kwa kanuni ya zamani angalikuwa nyuma yake kwa alama nne, nikaona kuwa haki imeanza kutendeka.

Lakini kuna kitu kilichonisumbua katika zile nafasi 16 tupu. Nikamwita ofisini, nikamwuliza maswali yale moja moja kwa mdomo, bila ya adhabu na bila ya karatasi. Aliyajua 11. Nilipomwuliza kwa nini hakuyaandika, alisema, "Sikuwa na hakika ya kutosha, mwalimu, nawe ulisema kosa litatukata." Yule kijana naye nilimwita. Alikiri kwa kicheko kwamba sita katika majibu yake ya kweli hajui yalikujaje.

Alama zao, 14 na 14, zimo katika daftari langu kwa penseli. Wino bado sijautia.